Kajiru Alipogeuza Mfereji

Mgeuza mfereji huanzia mkiani.

Ndivyo alivyosema yule mama mwenye mtoto mgongoni pale mkutanoni leo, na uwanja mzima ukaangua kicheko, mheshimiwa akabaki jukwaani anajifuta jasho. Nanyi mlicheka. Tumsifu, usikatae, nilikuona ulivyofungua mdomo mpaka jino la mwisho. Lakini mlicheka kwa kufuata wengine tu, maana njia nzima ya kurudi nyumbani mmekuwa mkiulizana, mkiani kuna nini, mkiani kuna nini.

Haya, kaeni. Ila mikono isikae. Chukueni hizo tangawizi mzipukute udongo, maana mimi simulizi za bure sina.

Naanjela anasema methali yenyewe imekaa vibaya, kwa sababu mfereji hugeuzwa kule juu penye tundu la maji, wala si mkiani. Umesema kweli, mjukuu wangu. Anayejua mifereji lazima ashangae. Na yule mheshimiwa wenu, aliyetuapia mwaka ule kwamba barabara ya lami itapita huku kwetu, kisha tukamsikia redioni akisema ipite bondeni, na leo anakuja kuomba kura kama vile hakuna kitu, yeye hakushangaa. Aliielewa, ndiyo maana jasho lilimtoka. Methali hii ina kwao, na kwao ni milima hii hii yetu ya Upare. Alikuwako mtu anaitwa Kajiru. Nami nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa jirani wa watu hao.

Nyie mmekulia kwenye bomba, kwa hiyo nianze mwanzo kabisa. Kijito cha kule juu kilikuwa kidogo, kikipita moja kwa moja hakifiki mbali. Wazee wakajenga ndiva, yaani bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Usiku maji yanajikusanya humo. Asubuhi mtu anachomoa kizibo, na maji yanashuka mferejini kwa nguvu. Kila upande ulikuwa na zamu yake: leo wa kichwani, walio karibu na ndiva; kesho wa katikati; keshokutwa wa mkiani, kule chini kabisa mfereji unakoishia.

Udongo wa mkiani ulikuwa mzuri kuliko wote, mweusi, ukitupa punje tu inaota. Lakini maji yake yalikuwa ya kusubiri. Yakiibwa njiani, ni ya mkiani yaliyoibwa. Kijito kikipungua, ni ya mkiani yaliyopungua. Mtu wa mkiani aliishi kwa neno la mtu wa juu, na neno la mtu wa juu, mh, mnalijua wenyewe.

Aliyeshika kizibo aliitwa mkuu wa maji, na alichaguliwa kila mwaka kabla ya mvua za vuli. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wanaotaka ukuu walisimama pale uwanjani penye ndiva, kila mmoja akasema yake, kisha watu wakajipanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Mstari mrefu ndio uliochukua. Hakuna kuhesabu hesabu wala kwenda mahakamani.

Sasa, wa mkiani ndio waliokuwa wengi. Kwa hiyo kila mtaka ukuu aliwaimbia wao. Alikuwako Senkondo, alisema akipewa ukuu mkiani watapata zamu mbili. Wakajipanga nyuma yake, wakampa. Mwezi haujafa, wa kichwani wakamwalika kunywa dengelua, na pombe hiyo ya miwa ikinywewa kwenye kivuli kizuri huwa na maneno mengi ndani yake. Senkondo akatoka pale anasema hali imebadilika. Watu wa mkiani hawakuambiwa kitu. Waliamka siku ya zamu yao, wakashika majembe, wakasimama kando ya mfereji wakisubiri. Jua likapanda. Wakasubiri. Maji hayakuja.

Mwaka uliofuata wakamwondoa, wakampa mwingine mwenye maneno matamu zaidi, naye akawa vile vile. Waligundua zamu yao imehamishwa kwa kuona mahindi yao yananyauka. Na hilo, wajukuu zangu, ndilo lililowachoma kuliko kiu yenyewe. Kukosa maji ni tabu, lakini kusimama na jembe kama mjinga, ukisubiri kitu ambacho mwenzako anajua hakiji, hiyo ni dharau.

Basi wakakaa kikao chao huko chini wakasema: tumechoka na wageukaji. Safari hii hatutaki mwema, hatutaki msemaji, hatutaki mwenye akili. Tunamtaka asiyegeuka.

Na asiyegeuka walimjua. Kila mtu alimjua.

Kajiru! Loo, yule mtu alikuwa mbishi jamani. Aliwahi kugombana na jirani yake, Mashambo, kwa ajili ya mbuzi aliyekula kitalu cha vitunguu, akaapa hatakanyaga tena ua wa Mashambo. Njia ya kwenda gulioni inapita katika ua ule. Kajiru akawa anazunguka kilima kizima na mzigo kichwani, mvua ije, jua liwake. Mashambo akafa. Unadhani alikanyaga? Thubutu! Alikwenda kuzika, lakini alisimama nje ya wigo, akalia akiwa nje ya wigo, akala chakula cha matanga akiwa nje ya wigo. Mkewe, Nakiete, alikuwa akisema ameolewa na jiwe, ila ni jiwe ambalo ukiliacha mahali utalikuta mahali pale pale.

Wa mkiani wakamwendea. Alikataa, wakamsihi, akakubali kwa sharti kwamba hatatoa hotuba. Siku ya kuchagua alisimama, akasema hivi tu: "Nikiwa mimi ndiye ninayeshika kizibo, zamu ya mkiani haitaruka. Nimemaliza." Mstari wake ulifika mpaka kwenye migomba.

Na kweli haikuruka. Wa kichwani walimletea dengelua, akawaambia waimwage au waondoke nayo. Walimletea beberu, akamfukuza beberu na waliomleta. Waliokuja kuiba maji usiku, wakidhani amelala, walimkuta amekaa juu ya ukuta wa ndiva na fimbo yake. Mkiani wakala mahindi mabichi mpaka wakagawia ng'ombe. Watu wa vijiji vya mbali walikuja kumtazama tu, kumwona kiongozi aliyesema jana kitu na leo anasema kitu kile kile.

Kati ya watu wa mkiani alikuwako mjane, jina lake Nambike. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, mfereji ulifia kwenye matuta yake. Miaka yote ya wageukaji, Nambike hakulima kwake. Angelima anyweshee maji gani? Alikuwa akipanda kichwani kulima mashamba ya watu, analipwa kwa kibaba cha maharage, anashuka nacho jioni kulisha wajukuu zake. Kajiru alipokuwa mkuu, Nambike alitazama mwaka wa kwanza bila kuamini. Mwaka wa pili akaamini. Akaacha vibarua, akachukua mbegu yote aliyokuwa nayo, hata ile ya kula, akaifukia ardhini. Matuta yote maharage. Alisema mwaka huu akivuna, hatapanda tena kilima kuomba jembe la mtu.

Maharage yakaota, yakatambaa, yakaanza kutoa maua. Mvua bado sana. Siku ya kuchagua imekaribia. Na hapo ndipo jambo lilipotokea.

Asubuhi moja Kajiru alipanda kwenye ndiva kuchomoa kizibo, akaona maji yanachuruzika chini ya ukuta, upande wa nje. Ukuta wa ndiva huvuja kidogo, hilo si ajabu, na maji yake huwa safi. Haya yalikuwa ya tope. Maji ya tope maana yake ni kwamba ukuta wenyewe unaliwa kwa ndani. Akatafuta kijiti akakichomeka palipovuja. Kijiti kikazama chote.

Alijua. Ukuta ungepasuka, kama si leo kesho. Na chini yake zilikuwako nyumba za katikati, na watoto ndani yake. Dawa ilikuwa moja: kumwaga maji yote ya ndiva, kubomoa pale palipooza, kujenga upya. Wakati wa ujenzi kijito kingepitishwa mferejini hivi hivi bila kukusanywa, na kwa udogo wake kingewafikia wa kichwani, kikijitahidi sana wa katikati. Mkiani kisingefika. Na maharage yenye maua hayasubiri ukuta ukauke.

Mnaona alivyobanwa? Neno lake lilikuwa moja tu, zamu ya mkiani haitaruka, na neno hilo ndilo lililomweka pale.

Basi akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote. Akafumba macho. Alifungua maji kama kawaida, akashindilia mawe penye tundu, akarudi nyumbani kimya. Kesho yake hivyo hivyo. Nakiete akaona mumewe hali chakula, akamfuata ndivani, akauona ukuta.

"Baba, huu ukuta unakufa," akamwambia.

"Nilisema haitaruka."

"Ulisema ukuta ukiwa mzima."

"Nilisema, Nakiete. Watu walinipanga mstari kwa sababu hiyo. Sikuwapa kingine."

Nakiete akamtazama. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile upole aliuacha nyumbani. "Ua wa Mashambo uliukataa, sawa, tulizunguka kilima, tuliumia miguu yetu wenyewe. Hapa watakaoumia ni watoto wa watu. Huo ukuta haujui kama wewe ni Kajiru."

Akaondoka, akashuka kwenye zile nyumba za chini ya ukuta, akawaambia wenyewe wachukue watoto na mbuzi wavuke ng'ambo ya pili. Hakungoja ruhusa ya mtu. Bibi yangu akisimulia, alikuwa akifika hapa anapiga makofi.

Kajiru akabaki ameketi. Hapo akaja msaidizi wake, Kiondo, kijana mjanja, mwenye ulimi. Alikuwa amekwisha kuona hali ilivyo, na alikuwa na dawa mfukoni.

"Mkuu, usijisumbue," akasema. "Uzibue leo, umwage maji yote, lakini usiseme. Wa mkiani zamu yao ikipita watadhani fuko wametoboa mfereji. Tutawaambia tunatafuta tundu. Uchaguzi ukipita ndipo tuwaeleze habari ya ukuta. Ukiwaambia sasa, hakuna hata mmoja atakayesimama nyuma yako."

"Na wao watakuwa wakifanya nini, siku ya zamu yao?"

"Watasubiri. Wamezoea."

Wanasema Kajiru alisimama taratibu, akachukua fimbo yake. Kiondo akaruka nyuma akidhani anapigwa. Lakini Kajiru alipita tu, akaanza kuteremka.

Aliteremka akiufuata mfereji. Wa kichwani wakamsalimu, "Mkuu, za asubuhi, wapi huko?" Akajibu, "Mkiani." Wa katikati ambao Nakiete hajawafikia wakamuuliza, "Kuna nini?" Akajibu, "Nikirudi mtajua." Njia ile ni ndefu, nanyi mnaijua, magoti yanalia. Na kila alipopita aliyaona mashamba ya mkiani kwa mbali, ya kijani, na alijua kijani kile ni yeye aliyekiahidi.

Nambike alikuwa kwenye matuta yake anapalilia. Alipomwona, akatupa jembe, akaja mbio akifuta mikono kwenye kanga.

"Kaka Kajiru! Karibu, karibu jamani! Njoo uone ulichokifanya. Tazama maua haya. Nimewaambia watoto wasipite hata pembeni."

"Dada Nambike," Kajiru akasema, "nimekuja kugeuka."

Nambike akacheka. Alidhani ni mzaha, maana katika dunia ile hakukuwa na mzaha mkubwa kuliko huo. Kisha akamwona usoni, akakaza kanga kiunoni.

Kajiru akamweleza. Ukuta unaliwa. Tope linatoka. Lazima maji yamwagwe na ukuta ujengwe, na mpaka ujengwe, mkiani hakuna maji. "Nilisema haitaruka. Itaruka. Si leo tu, zitaruka nyingi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nimeanzia kwako kwa sababu wewe ndiye wa mwisho, na ndiye utakayekauka kwanza."

Nambike hakupiga kelele. Heri angepiga. "Kajiru," akasema, na mwangalie, ule ukaka umekwisha, "Senkondo alinidanganya, lakini sikupoteza kitu, maana sikumwamini. Yule mwingine naye sikumwamini. Mbegu yangu nilikaa nayo ndani. Wewe nilikuamini. Nimezika mbegu ya wajukuu zangu ardhini kwa ajili ya mdomo wako. Kwa hiyo wewe ndiye mbaya kuliko wote."

"Ndiyo," Kajiru akasema.

"Hujitetei?"

"Nijitetee kwa lipi? Ulichosema ni kweli."

Majirani walikuwa wamekusanyika, na maneno yalisambaa kama moto wa mabua. Mmoja akasema, dengelua imemfikia na huyu. Mwingine akasema, kumbe alikuwa akipandisha bei tu. Mzee mmoja akatema mate karibu na mguu wake. Na Kajiru, ambaye kwa tusi dogo kuliko hilo alizunguka kilima miaka na miaka, alisimama pale pale akapokea kila kitu. Hamwoni huo ni ushujaa? Mimi naona kumfukuza beberu wa rushwa ni kazi rahisi, mbishi yeyote anaweza. Kusimama mbele ya mtu uliyemwambia hivi, ukamwambia sasa ni vile, huku anakutazama, hiyo ndiyo kazi. Wengi hutuma mjumbe.

Walipochoka kutukana, akasema: "Sijachomoa kizibo. Ndiva imejaa. Twendeni mkaushike huo ukuta kwa mikono yenu. Mkiona nasema uongo, nishusheni ukuu pale pale."

Wakapanda. Nambike mbele, mdomo ameubana. Walipofika, Kajiru akaondoa mawe aliyokuwa ameyashindilia, akampisha. Nambike akapiga magoti, akaingiza mkono. Ukaingia mpaka kiwikoni. Akasukuma. Ukaingia mpaka begani, shavu lake limegusa mawe, na kwa ndani akasikia udongo unamomonyoka kwenye vidole vyake, laini kama uji. Akautoa mkono, mweupe wa mfinyanzi mpaka kwapani. Akageuka akatazama zile nyumba chini. Kwenye ua mmoja nguo za mtoto mchanga zilikuwa bado zimeanikwa.

Alikaa hapo chini, akalia. Hakuona haya. Alilia kwa ajili ya maharage yake, na watu walimwacha alie.

Alipomaliza, akasema, "Basi myamwage. Lakini yamwagikie kwetu."

Hapo wa kichwani, waliokuwa wamefika kuona kuna nini, wakapiga kelele. Leo ni zamu yetu! Na kweli siku ile ilikuwa zamu ya kichwani. Kajiru akawageukia.

"Ninyi kijito kitawafikia kila siku mpaka ukuta uishe. Hawa hawatapata hata tone. Maji haya ya mwisho ni yao yote. Asiyetaka aje anipokonye kizibo."

Hakuna aliyekwenda. Wa kichwani walifunga matundu ya kuingizia maji mashambani mwao mmoja mmoja, wengine wakinung'unika, na Kajiru akachomoa. Ndiva nzima ikashuka mferejini, ikapita kichwani, ikapita katikati, na wa mkiani wakakimbia pembeni yake kwenda kuipokea. Walinywesha matuta mpaka ardhi ikakataa. Kisha mfereji ukakauka.

Na ndiva ilipokuwa tupu, ukuta ulibomolewa, wakakuta ndani yake pango ambalo mtu mzima angejikunyata akalala. Watu waliliangalia, wakaangaliana.

Ukapigwa msaragambo, kazi ya wote. Desturi ni kwamba anayekunywa ndiye anayejenga, kwa hiyo hakuna aliyetegemea kuwaona wa mkiani wakati ule hawanywi. Lakini walikuja. Walikuja kabla ya wengine, wakabeba mawe, wakakanyaga udongo. Bibi yangu alisema mtu ukishirikishwa msiba wako, unajikuta umeshika jembe. Nambike alikanyaga mfinyanzi kila siku, kisha akashuka jioni kutazama maharage yake. Matuta ya bondeni, yale yaliyoshika unyevu, yalivumilia. Ya juu yalikauka yote, maua yakapukutika. Sitawadanganya kwamba alivuna sawasawa. Alivuna ya kula na ya mbegu, basi, na vibarua alivifanya tena mwaka ule.

Siku ya kuchagua ikafika, ukuta umefika kiunoni. Watu wakajaa uwanjani. Aliyesimama kushindana na Kajiru alikuwa nani? Kiondo! Msaidizi! Amevaa vizuri, amepaka mafuta, anasema kwa sauti ya kinanda: "Ndugu zangu wa mkiani, mlimchagua asiyegeuka, kageuka. Mimi naapa mbele yenu, kwangu zamu haitaruka hata ndiva ipasuke!"

Wengine wakashangilia, ndivyo watu walivyo. Ilikuwa zamu ya Kajiru. Hakuwa na hotuba hata siku hiyo. Akasema: "Nilipopewa kizibo nilisema haitaruka. Imeruka. Niliyeigeuza ni mimi. Mwaka huu siahidi kwamba sitageuza tena. Nimemaliza."

Nakiete akajishika kichwa. Nani anaomba ukuu hivyo?

Watu wakaanza kujipanga. Wa kichwani wakaenda kwa Kiondo, mbio. Wa katikati wakagawanyika. Wa mkiani wakasimama tu, hawaendi huku wala kule, na kila mtu alijua wanamsubiri nani. Nambike alikuwa bado yumo ndani ya udongo, anakanyaga. Akatoka, akajisugua miguu kwenye majani, hana haraka. Kiondo akamfungulia mikono. Nambike akampita. Akaenda akasimama nyuma ya Kajiru.

Mtu mmoja wa kichwani akamcheka kwa sauti: "Wewe Nambike! Si huyu aliyekukaushia maharage? Si huyu aliyegeuza?"

"Ndiye," Nambike akasema.

"Na unamrudia?"

"Wote hugeuza," akasema Nambike. "Senkondo aligeuza, nikasubiri maji na jembe mkononi. Na huyu kijana atageuza, ukuta ukimlazimisha, na nitajua siku majani yatakaponyauka. Kajiru alipogeuza, alianzia mkiani. Alikuja akaniambia mimi kwanza, akasimama nikamtukana, na maji ya mwisho nikanywa mimi. Mimi sitafuti tena asiyegeuka. Namtafuta atakayeshuka."

Kisha wa mkiani wakaanza kutembea, mmoja mmoja, hata yule mzee aliyetema mate, wakajipanga nyuma ya Nambike. Mstari ule ulipita migomba, ukashuka njia, ukaendelea kushuka kuelekea kule kule kwenye mashamba yao, mpaka aliyekuwa mbele hakuweza kumwona wa mwisho. Na Kajiru, jiwe lile, wanasema alifuta macho kwa kiganja akasingizia vumbi.

Mgeuza mfereji huanzia mkiani.